Dawa ya Mtoto wa Kitanda cha Pili

Uchungu ulinianza siku ya Jumatatu, nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Wakati huo nilikuwa nashona kwenye baraza ya duka moja pale Riruta Satellite, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kwa hiyo baraza nzima ilijaa vitambaa vya buluu na kijivu. Mimba yangu ilikuwa haijatimiza miezi saba na nusu. Maumivu yalikuja chini ya kiuno, yakakaa kidogo, yakaenda zao. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Jumanne yakarudi, safari hii kwa karibu karibu, na mwenye duka, mama mtu mzima, akaniambia niende nyumbani nikalale. Nilimjibu kwamba ni mgongo tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na hiyo ndiyo iliyokuwa mimba yangu ya kwanza. Mama yangu alikuwa mbali, huko Magharibi, safari ya siku nzima kwa basi. Sikuwa na mtu wa kunionyesha tofauti ya mgongo na uchungu. Na nikisema kweli, sikutaka kuonyeshwa. Sare zilikuwa zinangojwa.

Jumatano asubuhi, nikiwa nimeinama kuwasha jiko, chupa ilipasuka na maji ya uzazi yakanitiririka hadi kwenye ndara. Mume wangu alikuwa bado hajatoka kwenda kazini. Alikuwa fundi wa mabomba, mtu mpole, asiyependa maneno mengi. Aliweka mfuko wake wa vyombo chini, akanishika mkono, tukaenda polepole hadi zahanati ya mtaani, pale pale Kawangware tulipokuwa tunakaa. Kabla ya saa sita mchana mtoto alikuwa amezaliwa. Alikuwa msichana. Alilia mara moja, sauti nyembamba sana, halafu akaacha kulia na kuanza kuguna.

Sauti ile ya kuguna ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Kila alipotoa pumzi alitoa na mguno mfupi, kama mtu anayenyanyua kitu kizito. Mkunga alimtazama kidogo, akamfunga kwa pamba na blanketi, akasema, "Huyu si wa hapa. Twende naye hospitali kubwa sasa hivi." Nilipakiwa kwenye gari la zahanati nikiwa bado natoka damu, mtoto akiwa kifuani pangu ndani ya nguo. Njia nzima niliusikia ule mguno ukinigonga kwenye mfupa wa kifua.

Chumba cha watoto wachanga kilikuwa na joto kama jikoni. Walimlaza kwenye kitanda kidogo karibu na ukuta, wakamfunika kichwa kwa kisanduku cha plastiki kilichoingizwa mpira wa oksijeni, na wakamtundikia maji kwenye mshipa wa utosini, kwa kuwa mikono yake ilikuwa myembamba mno. Nilikalia kiti cha mbao kando yake. Alikuwa mtoto kamili, mwenye kucha na kope. Lakini kila alipovuta hewa, ngozi kati ya mbavu zake ilizama ndani, na shimo likafunguka chini ya kifua, ningeweza kuweka ncha ya kidole humo. Alikuwa anafanya kazi. Sijawahi kuona mtu mzima akifanya kazi namna ile.

Daktari alikuja alasiri. Alikuwa kijana, amevaa miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Alimsikiliza mtoto kwa muda mrefu, halafu akafungua faili na kuniuliza, "Mama, uchungu ulianza lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Ndiyo. Asubuhi."

Aliandika. Halafu akasema, akiwa bado anaandika, "Ungekuja Jumatatu tungekudunga sindano. Kuna sindano tunampa mama mwenyewe, na ikipata siku moja au mbili kabla mtoto hajazaliwa, mapafu ya mtoto hukomaa haraka." Akainua macho, akaniona uso. Kalamu ikasimama. "Si kila mama inamsaidia," akasema. "Na si kila siku tunakuwa nayo."

Alikuwa mtu mwema. Alijaribu kulirudisha lile neno, lakini lilikuwa limekwisha kutoka. Jumatatu na Jumanne. Siku mbili. Nilihesabu sketi nilizoshona katika siku zile mbili na nikazijua moja moja, hadi rangi ya uzi.

Mume wangu aliruhusiwa kuingia kidogo saa za jioni za kutazama wagonjwa. Alisimama mbele ya mtungi wa oksijeni, akaangalia saa yake ya kupimia hewa, akaufuata mpira kwa macho hadi kwenye kisanduku. Ile ndiyo iliyokuwa kazi yake, kufuata bomba hadi palipoharibika. Akamgeukia daktari.

"Mapafu yameziba?"

"Hayajaziba," daktari akasema. "Umewahi kuona karatasi ya nailoni iliyolowa maji, pande mbili zikashikana? Ndivyo yalivyo. Kila akitoa pumzi yanashikana, halafu inabidi ayabandue tena. Watoto waliokomaa wana utelezi ndani unaozuia hilo. Wake bado haujatengenezwa."

"Sasa hakuna dawa?"

"Tunampa oksijeni na maji. Tunamdunga penisilini, pengine iwe ni nimonia. Akivuka siku tatu au nne, mwili wake wenyewe utaanza kutengeneza ule utelezi."

"Nauliza dawa ya mapafu yenyewe."

"Haiko."

"Haiko hapa, ama haiko Kenya?"

"Haiko popote, mzee. Bado wanaitafuta."

Mume wangu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kipuri hakipatikani dukani. Sijui kama aliamini. Asubuhi iliyofuata, kumbe, alizunguka maduka ya dawa ya mjini, moja baada ya jingine, akiuliza dawa ya mapafu ya mtoto mchanga. Walimpa dawa ya kikohozi. Aliniletea ile chupa ikiwa imefungwa kwenye gazeti, nikaipokea, nikaiweka chini ya kiti, na hatukuizungumzia tena.

Kitanda cha pili, kile kilichokuwa karibu kugusana na chetu, kilikuwa na mtoto wa kiume wa wiki mbili. Naye alizaliwa kabla ya wakati. Mama yake alikuwa Mnubi wa Kibera, mwanamke mrefu aliyenipita umri kama miaka kumi hivi, mwenye watoto wengine wanne nyumbani waliobaki na bibi yao. Alikuwa amekaa anatazama kifua cha mwanawe bila kupepesa macho. Mara kidole chake kikachomoka, kikagonga wayo wa mtoto, tak. Mtoto akastuka, akavuta hewa.

"Anasahau," akaniambia, bila kugeuka. "Huyu wangu mapafu yako sawa. Lakini anasahau kupumua. Ukimwacha, anakaa kimya tu mpaka anageuka rangi. Kwa hivyo mimi namkumbusha."

"Mchana kutwa?"

"Sasa ni afadhali. Wamempatia dawa. Zamani ilikuwa kila baada ya muda kidogo. Leo tangu asubuhi nimemgonga mara tatu peke yake."

Dawa yenyewe iliitwa aminofilini. Muuguzi mkuu wa chumba kile, mama mnene wa makamo aliyeitwa na kila mtu Sista, aliileta kwa saa zake, akaipitisha kwenye mpira mwembamba ulioingia puani mwa mtoto. Kabla ya kuitia aliweka kwanza kipimo kifuani na kuhesabu mapigo ya moyo huku midomo ikicheza. Moyo ukiwa unakimbia mno, aliirudisha na kungoja. Alitueleza kwamba ndiyo dawa wanayopewa watu wa pumu, na kwamba ni jamii moja na kile kinachomwamsha mtu kwenye majani ya chai.

"Unaona," yule mama wa Kibera aliniambia, "mwanangu hata kunyonya hajui, ameshaanza chai ya rangi."

Nilicheka. Nililiona jambo lile la ajabu, kwamba nimecheka, na nikainamisha kichwa.

Sitaficha kwamba nilimwonea wivu. Sikumwonea kwa sababu mtoto wake alikuwa na rangi nzuri kuliko wangu. Nilimwonea kwa ajili ya kile kidole. Alikuwa na kitu cha kufanya. Mtoto wake alisahau, naye akamkumbusha, na dawa ikamkumbusha pale alipochoka mama. Mimi nilikuwa nimekaa na mikono mapajani. Nilikuwa mtu wa kazi ya mikono tangu utotoni, na mikono ile haikuwa na lolote la kushika.

Siku ya Alhamisi mbavu zilizama zaidi. Nilimngoja Sista amalize kumpa mtoto wa jirani dawa yake, nikamshika aproni.

"Sista, mpe na wangu hiyo."

Hakunikemea. Alivuta kiti cha jirani, akakaa, magoti yake yakagusana na yangu. "Hii ni ya mtoto anayesahau kupumua," akasema. "Wako hajasahau hata mara moja. Wako anapumua kwa nguvu zake zote. Nikimpa hii, nitamchosha moyo bure."

"Basi mpe kitu."

"Nimempa kila nilicho nacho, mama."

Aliendelea kukaa pale kwa muda kidogo, ingawa kulikuwa na watoto wengine wengi waliomngoja. Halafu akainuka, akanyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka tayari.

Ijumaa mchana ule mguno ulipungua. Nilimwita yule jirani yangu, nikamwambia, "Ametulia. Sikiliza. Haguni tena." Alimtazama mtoto wangu, akanitazama mimi, akasema, "Mungu ni mkubwa." Alijua. Watu waliokaa katika chumba kile wiki mbili walikuwa wamejifunza kwamba kimya si lazima kiwe nafuu. Mimi nilikuwa na siku mbili tu, na nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa saa moja hivi, na siijutii saa ile.

Ilipofika saa ya swala aliniomba nimwangalizie mwanawe. "Sichelewi. Naswali pale koridoni tu. Ukiona kifua kimesimama, hesabu mpaka tano, halafu gonga. Usiogope kumgonga."

Nikavuta kiti katikati ya vitanda viwili, nikawa natazama kushoto na kulia. Kulia yule mvulana alipumua, akapumua, akanyamaza. Nilihesabu hadi tano. Nikagonga wayo wake kwa ukucha. Akastuka, akakunja uso kwa hasira ndogo, akavuta hewa, na nikahisi furaha ikinipanda hadi kooni, kwa maana nilikuwa nimefanya kitu na kimefaa. Nikageuka kushoto.

Binti yangu alikuwa ameacha kupumua.

Nilihesabu hadi tano. Sijui kwa nini nilihesabu. Nikaugonga wayo wake kama nilivyougonga ule mwingine. Akavuta hewa moja, ndogo, kama mtu anayeitika kwa adabu. Halafu basi. Nikagonga tena, na tena, nikamwita Sista, na sauti yangu ikatoka ya kawaida kabisa, kama namwita mteja aje ajaribu nguo.

Walikuja watatu. Walikitoa kile kisanduku, Sista akamwekea barakoa ndogo usoni na kuanza kuuminya mfuko wa hewa, taratibu, kwa vidole viwili. Daktari alikuja akikimbia. Nilimsikia akisema, "Tujaribu aminofilini basi," na Sista akamtazama, akaivuta kwenye bomba la sindano, akamdunga kwenye ule mshipa wa utosini. Kwa hiyo nilipewa hata hicho nilichokuwa nimekiomba. Nilisimama nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani. Hawakuacha mapema. Yule daktari kijana alibonyeza kifua kwa vidole gumba viwili hadi jasho likamdondokea kwenye miwani. Lakini mtoto hakuwa amesahau. Alikuwa amechoka.

Jirani yangu aliporudi, viatu mkononi, alikuta nimekaa chini sakafuni, na mtoto wangu mapajani pangu akiwa amefungwa vizuri. Alikaa chini pamoja nami. Mkono mmoja aliuweka begani pangu, ule mwingine akaunyoosha juu hadi kwenye kitanda cha mwanawe, akaushika wayo wake.

Mume wangu na ndugu yake walimzika Jumamosi, Lang'ata, upande wa watoto. Mimi sikwenda, maana homa ilikuwa imenishika na hospitali haikuniachia. Na siku hiyo hiyo maziwa yakaja. Nilidhani mwili utakuwa umepata habari. Yalikuja kwa wingi, yakalowesha gauni la hospitali, matiti yakawa magumu kama mawe, nikawa nayakamulia kwenye sinki na kufungua bomba.

Jumapili alasiri mama wa Kibera alikuja kitandani kwangu. Hakuja peke yake. Alikuja na mama yake mzazi, bibi mwembamba aliyejitanda mtandio mweupe. Wote wawili walikaa kwa heshima pembeni mwa kitanda, na nikajua wamekuja na neno. Alianza bibi.

"Pole, binti yangu. Tumekuja na ombi, na ukikataa hatutakuwa na kinyongo."

Binti yake akaendelea. "Maziwa yangu yamekatika. Ni wasiwasi, Sista anasema. Mtoto anapewa ya kopo na tumbo linamfura. Nimekuona pale kwenye sinki." "Lakini kwetu maziwa hayaombwi kama chumvi. Mtoto akishiba maziwa yako, anakuwa mtoto wako. Watoto utakaowazaa baadaye watakuwa ndugu zake, hawezi kuoa kwako. Lazima nikwambie hilo kabla hujajibu."

Sikuwa najua lolote kuhusu sheria hiyo. Kwetu sisi ni watu wa kanisa, na mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu. Nilisema nitamwuliza mume wangu. Alipokuja jioni nilimweleza, naye akakwangua saruji iliyokaukia kwenye ukucha.

"Unataka kujiumiza," akasema.

"Yanatoka tu. Hata nikikataa yanatoka."

"Basi mpe," akasema. Baadaye, akiwa tayari amesimama kuondoka, akauliza, "Yule mtoto ndiye mwenye dawa?"

"Ndiye."

"Sawa."

Nilikamulia kwenye kikombe kilichochemshwa, Sista akayapitisha maziwa kwenye ule mpira wa puani, kijiko baada ya kijiko. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani niliendelea kurudi kila asubuhi, kwa miguu kutoka Kawangware, kwa siku kumi na moja. Nilikaa kwenye kiti kile kile. Kitandani karibu na ukuta walikuwa wamemlaza mtoto mwingine, naye anaguna, na mama yake, msichana mdogo kuliko mimi, alimwuliza daktari maswali yale yale na kupewa majibu yale yale. Nilitamani kumwambia kitu. Sikukipata.

Yule mvulana aliongezeka uzito. Sista akaanza kumpunguzia aminofilini, leo kidogo, kesho kutwa kidogo, na sote tukawa tunamwangalia kifua kama watu wanaoangalia maziwa jikoni yasifurike. Hakusahau tena. Siku ya kumi na moja maziwa yangu yalitoka matone tu. Ya kumi na mbili sikwenda.

Nimesikia baadaye kwamba dawa ile ya mapafu waliipata. Muuguzi mmoja wa kanisani kwetu alinieleza kwamba inamiminwa moja kwa moja kwenye koo la hewa, na kwamba kuna watoto wanaoacha kuguna siku hiyo hiyo. Nilimwuliza kama inapatikana. Akasema inategemea hospitali, na inategemea mzazi. Ile sindano ya mama nayo hutolewa siku hizi hata kwenye zahanati kubwa. Nilimshukuru kwa maelezo. Kila nikimwona mwanamke mjamzito ameshika kiuno, hata nisiyemjua, hata njiani, namwambia aende. Wengine huniona mwenye kiherehere. Sijali.

Baada ya miezi mitatu hivi mama wa Kibera alituma mtu kutualika. Tulikwenda mimi na mume wangu, Jumapili baada ya kanisa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo yenye bati lenye kutu na ua mpana uliofagiwa, na bibi alikuwa amepika mandazi na chai yenye tangawizi. Wale watoto wanne walipangwa mbele yangu, wakaambiwa, "Huyu ni mama yenu. Mumwamkue." Wakaniamkua mmoja mmoja, kwa mkono. Kisha wakaniwekea yule mdogo mapajani.

Alikuwa mzito. Alikuwa na mashavu, na macho meusi yaliyonitazama bila haraka. Wote walikuwa wananitazama wakingoja nifurahi, na mimi nilifurahi kadiri nilivyoweza. Lakini jicho langu lilikuwa limeshuka lenyewe kifuani mwake. Kikapanda, kikashuka. Nilikuwa nahesabu. Bibi alikuwa anazungumza nami, akieleza jambo kuhusu jina walilompa, sikusikia hata neno moja. Mtoto akapitiwa na usingizi, pumzi zikawa ndefu, kati ya moja na nyingine pakawa na kimya, na kidole changu kikaenda kwenye wayo wake.

Mama yake akanishika mkono, taratibu. "Mwache," akasema. "Ameshajua."

Nilimrudishia. Tulikunywa chai, tukaaga, tukasindikizwa hadi kwenye reli. Tulitembea na mume wangu kurudi Kawangware. Tulipofika karibu na nyumbani nilimwambia kwamba sidhani nitaweza kurudi kule karibuni, na akasema ni sawa, wataelewa. Ilipita karibu mwaka mzima kabla sijarudi.